Sindano za Krosi

Krosi ya propela ya Land Cruiser hutosha kiganjani. Ni chuma cha mikono minne mifupi. Kila mkono umevaa kikombe, na ndani ya kila kikombe zimesimama duara sindano za chuma zilizozama kwenye grisi. Dukani huja ndani ya boksi dogo la karatasi, pamoja na klipu nne na chuchu ya grisi iliyofungwa kwenye kifuko cha nailoni. Abiria hajui kama kitu hicho kipo. Mwenye gari naye hakijui mpaka siku kinapoanza kupiga kelele. Lakini nguvu yote inayotoka kwenye injini kwenda magurudumu ya nyuma hupita kwenye mikono hiyo minne, na fundi anayeweza kuifunga krosi ikakaa miaka bila mlio ni mtu ninayekuwa tayari kumpa shikamoo hata kama nimemzidi umri.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yake. Injini na giaboksi zimefungwa kwenye chesisi. Difu ya nyuma imekaa kwenye springi, na kazi ya springi ni kupanda na kushuka. Kwa hiyo propela, lile bomba refu linalozunguka chini ya gari, lazima izungushe difu ambayo haitulii mahali pamoja. Tairi likiingia shimoni difu inashuka, likikanyaga jiwe inapanda, na pembe kati ya bomba na difu inabadilika huku mzunguko ukiendelea. Bomba lisilo na kiungo lingepinda au kukatika siku ya kwanza. Krosi ndiyo kiungo chenyewe. Kila upande wake kuna yoki, yaani uma wa chuma wenye masikio mawili, na kila sikio lina tundu la kupokea kikombe. Yoki moja hushika mikono miwili inayotazamana, yoki ya pili hushika miwili iliyobaki, na mzunguko unapita kati yao hata kama njia imekunja kona.

Magari madogo ya kuvuta mbele hayana propela. Hiace zinayo, Hilux zinayo, Land Rover na Fuso zinazo, na lori refu huwa na mabomba mawili au matatu yaliyoungwa, katikati yakashikiliwa na senta beringi. Ukitaka kuitazama kazi hii ikifanywa kwa utulivu, nenda Arusha mwezi wa Aprili au Mei, mvua zinapopunguza watalii na magari ya safari yanapoingizwa gereji kwa zamu. Hayo ni magari yaliyopanda kutoka lango la Loduare hadi ukingo wa Ngorongoro, yakateremka kwenda Naabi na Seronera, na kurudi, msimu mzima, juu ya barabara ya vumbi ambayo imejikunja kama bati. Vumbi hilo ni laini na linaingia kila mahali. Likipita sili ya kikombe na kuchanganyika na grisi, linakuwa msasa.

Krosi inayokufa hulia kabla ya kugonga. Mwanzoni ni mlio mwembamba, kwi, kwi, kwi, unaofuata mwendo wa gari na kusikika zaidi ukiwa unaanza kuondoka taratibu karibu na ukuta. Madereva wengi huusingizia breki. Baadaye unakuja mgoto mmoja mzito, ko!, unapoachia klachi au unapotoka rivasi kuingia gia ya kwanza. Mwisho ni mtetemo unaopanda kwenye sakafu ya gari hadi kwenye kiti, na hapo muda umekwisha. Krosi ya mbele ya propela ikikatika gari likiwa kwenye mwendo, ncha ya bomba inaweza kuanguka na kuchimba barabara, na kinachofuata hakina fundi.

Fundi mzuri humsikiliza dereva mpaka amalize, kisha haamini hata neno moja mpaka ameshika kwa mkono wake. Hulala chini ya gari, mkono mmoja kwenye yoki na mwingine kwenye bomba, akapinda mmoja huku na mwingine kule. Ujanja uko katika kushika pande zote mbili. Ukizungusha bomba peke yake utasikia mchezo mwingi, lakini mchezo huo unaweza kuwa wa meno ya difu, wa giaboksi, au wa meno ya kuteleza yaliyo katikati ya propela, na krosi ikawa haina kosa lolote. Ukishika pande mbili za krosi moja, kinachocheza kati ya mikono yako ni krosi hiyo tu. Halafu hutazama kingo za vikombe. Unga mwekundu ukionekana pembeni mwa sili, grisi ilikwisha zamani na sindano zimekuwa zikisaga kutu.

Kabla ya nati ya kwanza kulegezwa, kuna jambo dogo ambalo mimi hulitumia kumpima fundi. Fundi mzuri hufuta matope kwenye flanji ya propela na flanji ya difu, yale mabamba mawili yanayofungwa pamoja kwa nati, akapiga alama kwa tindo au rangi, mstari mmoja unaovuka zote mbili. Kisha huenda kwenye sehemu ya kuteleza, pale nusu moja ya propela inapoingia ndani ya nyingine ili bomba lirefuke na kufupika, akapiga alama nyingine hapo. Ni kazi ya dakika chache. Anayeiruka anaamini kwamba chuma cha duara kikirudi kwenye tundu lake kimerudi kilivyokuwa. Hakijarudi.

Na kwenye Land Rover za zamani, zikiwemo Defender za muundo wa kwanza, kuna jambo jingine la kufanya kabla ya kulala chini. Breki yake ya mkono haishiki magurudumu. Ngoma yake iko nyuma ya transfa, boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, na huzuia gari kwa kuishika propela ya nyuma isizunguke. Ukiifungua propela hiyo, breki ya mkono inabaki imeshika hewa, hata ungeivuta mpaka juu. Gari likiwa kwenye mteremko, linaondoka, nawe uko chini yake. Ndiyo maana fundi anayeijua Land Rover hutafuta mawe ya kuziba magurudumu kabla hajatafuta spana, na kijana wake akisema, "Fundi, mbona hendibreki nimevuta?" anajibiwa, "Leta mawe, dogo," na maelezo yatafuata gari likishazibwa.

Sasa sababu ya zile alama. Hapo tunaingia kwenye hesabu iliyowachukua watu wenye akili muda mrefu. Girolamo Cardano, tabibu na mwanahisabati wa Italia aliyefariki mwaka 1576, aliandika kuhusu pete zilizoshikana kwa mihimili inayokatana, zinazoning'iniza kitu kikabaki wima hata kinachokibeba kikiyumba. Pete za namna hiyo zilijulikana kabla yake, na mabaharia walizitumia kuiweka dira sawa meli inapolala ubavu, lakini jina lake ndilo lililoganda. Mpaka leo fundi wa Lubumbashi au Bukavu, aliyeurithi msamiati wa gereji kutoka Kifaransa, atakuuliza habari za kardani. Robert Hooke wa Uingereza alilichukua wazo hilo akalifanyia kazi ya kupitisha mzunguko. Mwaka 1676 alichapisha maelezo yake katika kitabu kuhusu chombo cha kutazamia jua, na aliona jambo ambalo jicho halilioni: mzunguko unaotoka kwenye krosi haulingani na ule unaoingia.

Weka pembe ya nyuzi 10 kati ya shafti mbili. Ya kwanza ikizunguka kwa mwendo usiobadilika, ya pili hushuka hadi asilimia 98.5 ya mwendo huo, ikapanda hadi 101.5, ikashuka tena, mara mbili katika kila mzunguko. Ongeza pembe iwe nyuzi 30, nayo itacheza kutoka asilimia 86.6 hadi 115.5. Chukua sasa Land Cruiser yenye difu ya uwiano wa 4.1 inayokimbia kilomita 100 kwa saa. Propela yake inazunguka karibu mara 2,700 kwa dakika. Maana yake, kila dakika shafti inayotoka kwenye krosi inasita na kukurupuka mara 5,400 hivi. Hakuna beringi ya difu itakayovumilia hayo kwa muda mrefu, wala hakuna abiria atakayelala.

Hooke mwenyewe ndiye aliyependekeza dawa, mwaka 1683: viungo viwili, kimoja kila mwisho wa shafti ya kati, vilivyopangwa ili kosa la kimoja lifutwe na kosa la kingine. Kwenye gari, maana yake ni kwamba yoki mbili za bomba, ya mbele na ya nyuma, lazima masikio yake yalale kwenye mstari mmoja. Krosi ya mbele inapokurupuka, ya nyuma inasita kwa kiasi kilekile, na difu inapokea mzunguko uliotulia. Bomba la katikati peke yake ndilo linaloendelea kukurupuka, na kwa kuwa ni jepesi, halimsumbui mtu.

Mpango huo wote unategemea zile alama za tindo. Mtu akichomoa sehemu ya kuteleza kwa ajili ya kuisafisha, akairudisha ikiwa imeruka meno mawili matatu, masikio hayako tena kwenye mstari. Akiikosea kwa robo ya mzunguko, kosa la krosi ya mbele halifutwi. Linaongezewa na la nyuma. Nimeona gari likibadilishwa krosi mbili, senta beringi, na hata kusawazishwa matairi, mtetemo ukabaki palepale, mpaka mzee mmoja akaitazama propela kutoka upande, akacheka kidogo, akaomba spana. Kwenye propela za Land Rover kiwanda kimepiga mishale kwenye sehemu hizo mbili, ielekeane. Lakini mishale hiyo inazikwa na matope na rangi, na asiyejua kwamba ipo hataitafuta.

Kuna sharti la pili, la pembe yenyewe. Pembe ya krosi ya mbele na ya nyuma zinapaswa kulingana. Wanaolipandisha gari kwa springi ndefu ili lipite kwenye matope huharibu ulinganifu huo bila kujua, kisha hulaumu krosi waliyouziwa. Na pembe isiwe sifuri pia. Krosi iliyonyooka kabisa haizigeuzi sindano zake. Zinabaki zimesimama mahali pamoja, zikipiga palepale kila injini inapovuta, mpaka zichimbe mifereji kwenye mkono wa krosi. Pembe ndogo, hata ya nyuzi moja, inatosha kuzifanya zibiringike.

Ilibaki kukileta kiungo hiki kwenye gari. Kabla ya Clarence Spicer, magari mengi yalipeleka nguvu nyuma kwa mnyororo, wazi, kwenye vumbi na mvua. Spicer alikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alipobuni kiungo cha kufaa gari. Alipata hataza mwaka 1903, na mwaka 1904 alianza kutengeneza viungo hivyo huko Plainfield, New Jersey. Jina lake bado linachapwa kwenye maboksi ya krosi yanayouzwa Kariakoo na Kirinyaga Road.

Turudi gereji. Propela imetolewa, imeoshwa kwa dizeli, imelazwa kwenye vaisi. Nasisitiza imelazwa: vaisi hushika masikio ya yoki kwa upole, na bomba lenyewe halibanwi hata kidogo, maana ni jembamba kuliko linavyoonekana, na likibonyea usawa wake umekwisha. Klipu za zamani zimekaa kwenye mifereji yake na kutu ya miaka. Asiye na subira huchukua bisibisi na nyundo. Mwenye subira hupaka mafuta ya kulainisha kutu, akaenda kunywa chai, akarudi, halafu akafanya kitu kinachopendeza kukitazama: hugonga kikombe kidogo kuelekea ndani. Kidogo tu. Kikombe kinachosukuma klipu kutoka ndani ndicho kinachoibana. Kikirudi nyuma unywele mmoja, klipu inabaki haina mzigo na inatoka kwa koleo bila kuruka kwenda machoni.

Kukitoa kikombe hutaka soketi mbili. Ndogo, iliyo nyembamba kuliko kikombe, inawekwa upande huu. Kubwa, inayoweza kukimeza kikombe, inawekwa upande ule. Vaisi inabana taratibu. Soketi ndogo inasukuma, krosi nzima inasogea, na kikombe cha upande wa pili kinachomoza kuingia ndani ya soketi kubwa. Kisha inageuzwa. Wapo wanaofanya kazi yote hii kwa nyundo, na baadhi yao wanaifanya vizuri, kwa kuegemeza krosi kwenye vaisi na kupiga yoki badala ya kupiga kikombe. Lakini nyundo ina hatari yake. Masikio ya yoki yakipinda kidogo tu, matundu hayatazamani tena, na krosi mpya itaingia ikiwa imebanwa kona, itapata moto na kufa mapema kuliko ile iliyotoka.

Tundu lenyewe huchunguzwa kwa kidole. Kikombe kinapaswa kuingia kwa kubana, kwa kusukumwa, kisizunguke humo. Kama kikombe cha zamani kiliwahi kuzunguka, tundu limepanuka, na hapo jibu la kweli ni yoki nyingine. Wapo wanaopiga pointi kuzunguka ukingo wa tundu ili chuma kivimbe na kukibana kikombe kipya. Hiyo naiita kumuuzia mtu wiki tatu kwa bei ya miaka mitatu.

Ile krosi ya zamani haitupwi mara moja. Fundi huifuta, akapitisha ukucha juu ya kila mkono. Mkono ulio mzima ni laini kotekote. Mkono uliokufa una mistari sambamba, kila mstari ni kitanda cha sindano moja. Mistari ikiwa kwenye mikono yote minne, krosi ilizeeka kwa haki. Ikiwa kwenye mkono mmoja tu huku mitatu ikiwa laini, grisi haikuufikia mkono huo, na fundi anajua kitu cha kuangalia kwenye mpya.

Sasa sindano. Hapa ndipo kazi nzima ilipo. Kabla ya hapa ni kusafisha njia na baada ya hapa ni kukaza nati. Kila kikombe kina sindano ishirini na kitu, kutegemea ukubwa, zimesimama zikigusana ukutani bila kitu cha kuzitenganisha. Zinashikiliwa na mambo mawili tu: grisi, na kuegemeana kwenyewe. Toa mkono wa krosi katikati yao na hakuna kinachozizuia kuanguka isipokuwa unato. Kikombe kikigongwa vibaya, kikiinamishwa, au mkono wa krosi ukiingia ukiwa umepinda, sindano moja hulala chini kwenye sakafu ya kikombe. Nje huoni kitu.

Namna ya kulizuia hilo ni ya polepole. Vikombe viwili vinavyotazamana vinatolewa kwenye krosi mpya na kutazamwa ndani, kila sindano mahali pake, kisha vinapakwa grisi ya kutosha kuzishika, isiwe nyingi ya kujaza kikombe na kukizuia kuingia. Krosi inapitishwa kwenye masikio ya yoki ikiwa imeinama, chuchu yake ikielekea upande wa bomba. Ikielekezwa upande wa flanji, pampu ya grisi haitafika, na krosi itaishi na grisi ya siku ya kwanza mpaka kufa. Kikombe cha kwanza kinawekwa kwenye tundu na kusukumwa milimita chache tu. Kisha krosi inainuliwa kutoka ndani, mkono wake ukaingia kwenye kikombe na kuzikumbatia sindano. Kuanzia hapo mkono huo hautoki tena. Kikombe kinaposhuka, krosi inashikiliwa juu; sindano zina ukuta nje na mkono ndani, hazina pa kuangukia. Halafu kikombe cha pili, upande wa pili, kwa namna hiyohiyo, krosi ikiwa imewekwa katikati ili kila kikombe kishike mkono wake.

Vaisi inaanza kubana, na hapa mikono miwili ya fundi inafanya kazi mbili. Wa kulia unazungusha mpini wa vaisi, robo, robo. Wa kushoto uko kwenye krosi, unaichezesha huku na huku, na ndio unaojua. Krosi ikicheza laini, endelea. Ikianza kuwa nzito ghafla, simama. Hata kama kikombe kimebakiza milimita mbili, simama. Mgeni wa kazi hukosea hapahapa, kwa sababu milimita mbili zinaonekana ni kitu cha nyundo moja. Mfereji wa klipu umeonekana nusu, klipu imekataa kukaa, nyundo iko karibu.

"Dogo, weka hiyo nyundo chini."

"Nimegonga kidogo tu, fundi, ilikuwa inakaribia."

"Haikaribii. Toa, hesabu sindano."

Na kweli, mara nyingi ni hivyo. Nafasi iliyobaki ni unene wa sindano moja iliyolala. Kikombe kinachomolewa, sindano inainuliwa kwa ncha ya waya na kurudishwa kwenye mstari, kazi inaanza upya. Aliyegonga angeivunja, vipande vikaenea ndani, na krosi ikafungwa garini ikiwa tayari imekufa, pamoja na risiti yake. Ninachokipenda kwa mafundi wa namna hii ni kwamba wanakichukulia kizuizi kama taarifa. Chuma kimekataa, basi kuna sababu, itafutwe.

Klipu zikishakaa, krosi karibu siku zote inakuwa nzito kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa kuwa kubana kwa vaisi kumeyavuta masikio ndani na kuvisukuma vikombe kwenye ncha za mikono. Ndipo nyundo inaporuhusiwa, tena ya shaba au ya mpira: pigo moja moja kwenye sikio la yoki, kamwe si kwenye kikombe. Sikio linaruka kidogo, kikombe kinarudi kuegemea klipu, na krosi inalegea. Hapo fundi huinua yoki na kuiachia. Ikianguka kwa uzito wake bila kizuizi chochote, imelegea kupita kiasi. Ikibaki imesimama na kukataa kusogea, bado imebana. Inayotakiwa husogea kwa kidole, kwa ukinzani uleule kila upande, bila mahali pa kusita. Toyota hutoa klipu za unene tofauti kwa ajili ya kupunguza mchezo uliobaki, na kanuni yake ni kuweka unene mmoja pande zote mbili, ili krosi ikae katikati ya yoki na propela isizunguke ikiwa imeegemea upande.

Grisi inafuata, na ina utaratibu wake. Pampu inaingizwa kwenye chuchu na kusukumwa mpaka grisi mpya ichungulie kwenye sili zote nne. Zote nne. Ikitokea kwenye tatu, mkono wa nne hauna kitu, na huo ndio utakaochorwa mistari. Fundi huchezesha yoki, hupiga sikio hilo kidogo, husukuma tena, mpaka sili ya nne nayo itoe. Ipo pia krosi isiyo na chuchu, iliyofungwa grisi yake kiwandani. Wanaoipenda wana hoja: mikono yake haikutobolewa njia za grisi, hivyo ina nguvu zaidi, na sili zake hubana vizuri. Kwa gari la lami naikubali. Kwa gari linalovuka mito na kula vumbi la mbugani, nachagua yenye chuchu, kwa kuwa grisi mpya inapoingia inaisukuma nje ile iliyochafuka. Ila uchaguzi huo una maana kama kuna mtu atakayelala chini na pampu. Chuchu isiyoguswa ni tundu tu.

Kuhusu kununua nitasema machache. Boksi halithibitishi kitu. Nenda na krosi ya zamani, pima kwa vernia upana wa kikombe na urefu kutoka mgongo wa kikombe hadi mgongo wa kikombe cha pili, kwa sababu krosi mbili zinaweza kufanana machoni na kupishana milimita chache. Vua kikombe kimoja palepale kaunta. Mkono uwe umeng'arishwa, sindano zijae duara bila pengo, sili iwe hai. Muuzaji akikataza kuvuliwa kikombe, duka jingine liko mlango wa tatu.

Kurudisha propela ni kazi fupi kama alama zilipigwa. Mstari unakutana na mstari kwenye flanji, mstari na mstari kwenye meno ya kuteleza, mshale na mshale kama ipo. Nyuso za flanji zifutwe zing'ae, kwa sababu punje moja ya mchanga kati yake inaipindisha propela nzima, na kwa mizunguko 2,700 kwa dakika kupinda huko kunasikika. Matope yaliyokauka kwenye bomba yakwanguliwe, lakini vile vipande vidogo vya chuma vilivyochomelewa ubavuni visiguswe. Ni vya kiwanda, vya kusawazisha uzito. Nati zenye pete ya nailoni zinabadilishwa, hazirudiwi. Kukaza ni kwa kukatisha, moja kisha ya mkabala wake.

Halafu gari linatolewa barabarani, taratibu kwanza, kioo kikiwa chini. Fundi anayeijua kazi huzima redio, huachia klachi mara mbili tatu, huingia rivasi na kurudi gia ya kwanza, akisikiliza kama kuna ko. Kimya kikithibitishwa, anaongeza mwendo mpaka pale mtetemo wa zamani ulipokuwa unaanzia, anaupita, anarudi.

Ukimpata fundi wa namna hiyo, usisimame juu ya kichwa chake ukitazama saa. Mpe nusu siku anayoiomba, mlipe alichosema, na baada ya kilomita mia chache mrudishie gari akague nati zote.